Gari linachakaa, bima inapanda: Yanayoamua ada wakati wa kuhuisha

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka mfanyabiashara mwenye Canter inayobeba vitunguu, mchele au mitumba kati ya Arusha na Nairobi, au kati ya Kampala na Kisumu, hukutana na fumbo lile lile. Gari limechakaa kwa miezi 12 zaidi na thamani yake sokoni imeshuka. Pengine halijagonga hata kuku. Lakini karatasi ya kuhuisha bima inapofika, kiasi kilichoandikwa ni kikubwa kuliko cha mwaka uliopita.

Akimuuliza wakala, mara nyingi hujibiwa kwamba bei zimepanda kwa kila mtu, basi. Jibu hilo si uongo, ila halitoshi. Matokeo yake wengi huamua kwa hasira. Wapo wanaoshuka kutoka bima kubwa hadi bima ndogo, maarufu kama thadi pati. Wapo wanaoandikisha gari kwa nusu ya thamani yake ili ada ipungue. Wengine huacha stika iishe na kutembea kwa kubahatisha hadi watakapokamatwa.

Kwa mtu ambaye lori lake ndilo mtaji wake wote, na mara nyingi limenunuliwa kwa mkopo wa benki au chama cha akiba, uamuzi wa aina hiyo unaweza kumrudisha alikoanzia kwa ajali moja tu. Ndiyo maana inafaa kujua ada inavyopangwa, ili ijulikane ni wapi mwenye gari anaweza kujadiliana na ni wapi hawezi.

Hesabu yenyewe

Ada ya bima kubwa hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili: thamani ya gari iliyoandikwa kwenye mkataba, na kiwango cha asilimia ambacho kampuni inakitoza gari la aina hiyo kwa matumizi hayo. Juu yake huongezwa tozo na kodi za serikali. Mwenye gari hutazama thamani tu, na thamani inashuka. Kampuni inatazama zaidi kile kiwango.

Chukua mfano wa kufikirika. Lori limekatiwa bima kwa thamani ya Sh4 milioni za Kenya kwa kiwango cha asilimia 5. Ada ni Sh200,000. Mwaka unaofuata thamani imeshuka hadi Sh3.6 milioni, lakini kiwango kimepanda hadi asilimia 6. Ada inakuwa Sh216,000. Gari limepoteza Sh400,000 ya thamani, na ada imeongezeka kwa Sh16,000.

Swali la kumuuliza wakala basi ni kwa nini asilimia imebadilika. Sababu ziko za aina mbili: zinazotokana na gari na dereva wake, na zinazotokana na mfuko mzima ambao gari hilo limo ndani yake.

Madai ya mwenye gari

La kwanza kutazamwa ni kama kulikuwa na madai. Kampuni nyingi humpa punguzo mteja aliyemaliza mwaka bila kudai fidia, na punguzo hilo hukua kadiri miaka inavyoongezeka. Dai moja linaweza kulifuta lote au sehemu yake. Hapo ada hupanda hata kama kiwango cha msingi hakijaguswa.

Kwa hiyo si kila mkwaruzo unaofaa kudaiwa. Tuseme taa na bampa vimevunjika na gereji inataka Sh70,000. Mkataba unasema mwenye bima hubeba Sh50,000 za kwanza za kila hasara. Kampuni itamlipa Sh20,000. Kama punguzo lake ni asilimia 10 ya ada ya Sh216,000, amepoteza Sh21,600 wakati wa kuhuisha. Amepata hasara kwa kudai.

Hata hivyo kutodai si sawa na kutotoa taarifa. Mikataba mingi inamtaka mwenye bima aijulishe kampuni kila ajali, na pale ambapo mtu ameumia au mali ya mwingine imeharibika, kunyamaza kunaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa kulipa kesi itakapokuja baadaye.

La pili ni matumizi. Pikapu iliyokatiwa bima kama gari binafsi, kisha ikaanza kubeba mizigo ya kukodishwa, si gari lile lile machoni pa kampuni. Vilevile lori linalobeba mali ya mwenyewe hutozwa tofauti na lori linalobeba mizigo ya watu kwa malipo, na njia ndefu ya usiku hadi Kigali au Lubumbashi si sawa na mizunguko ya mjini. Mabadiliko hayo yakijulikana wakati wa kuhuisha, ada hupanda. Yakifichwa, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kampuni huweza kugoma kulipa ikisema gari lilikuwa katika kazi ambayo haikukatiwa bima.

Mfuko mmoja, madereva wengi

Hata asiyewahi kudai hulipia madai ya wengine. Ndivyo bima ilivyo: wengi wanachangia mfuko, wachache wanaopatwa wanalipwa. Mfuko wa magari ya biashara ukitoa fedha nyingi kuliko unazoingiza, wote waliomo huongezewa.

Katika kanda hii mfuko wa magari umekuwa na pengo kwa muda mrefu. Nchini Kenya, ripoti za mamlaka ya usimamizi wa bima zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba bima za magari, ya binafsi na ya biashara, ni miongoni mwa aina zinazoziletea kampuni hasara.

Sehemu nzito ni fidia za majeruhi. Gari lililovunjika hutengenezwa kwa wiki kadhaa na hesabu ikafungwa. Mtu aliyevunjika mguu ni habari nyingine. Sheria ya Kenya inampa miaka mitatu ya kufungua kesi ya uzembe, kisha kesi yenyewe ina muda wake mahakamani. Kampuni inalazimika kuweka akiba leo kwa ajili ya hukumu itakayotoka miaka mingi baadaye, bila kujua kwa uhakika itakuwa kiasi gani. Sheria hiyo iliweka kikomo cha Sh3 milioni kwa dai la mtu mmoja chini ya bima ya lazima. Kwa kampuni yenye mamia ya kesi, hizo ni fedha nyingi.

Udanganyifu nao unaongeza mzigo. Majeruhi ambao hawakuwapo kwenye ajali, gereji zinazoandika spea mpya na kufunga zilizotumika, gari moja kudaiwa kwa kampuni mbili: yote hayo hulipwa kutoka kwenye mfuko ule ule. Mifumo ya stika za kielektroniki, kama TIRA-MIS nchini Tanzania na DMVIC nchini Kenya, imefanya iwe vigumu zaidi kutembea na stika bandia, lakini haiwezi kuzuia hila zote.

Spea zinanunuliwa kwa dola

Jambo la tatu ni gharama ya kutengeneza. Magari mengi ya kanda hii yametoka Japani yakiwa yametumika, na vipuri vyake huagizwa kutoka nje kwa dola. Shilingi ya Kenya ilipoporomoka hadi kukaribia 160 kwa dola Januari 2024, kioo, taa na injini vilipanda navyo. Tanzania nayo ilipita katika kipindi kigumu cha uhaba wa dola, na shilingi yake ikashuka kutoka kiasi cha 2,300 mwanzoni mwa 2023 hadi zaidi ya 2,600 katikati ya 2024.

Shilingi ya Kenya ilijirudi baadaye hadi kiasi cha 129. Wenye magari hawakuona ada zikirudi kwa kasi hiyo. Sababu moja ni kwamba spea zilizoko dukani zilinunuliwa kwa bei ya zamani. Nyingine ni kwamba ada hupangwa mara moja kwa mwaka kwa kutazama madai ya nyuma, hivyo gharama za mwaka mbaya huonekana kwenye karatasi ya mwaka unaofuata.

Hapa pia kuna jibu la sehemu ya lile fumbo. Gari linapozeeka thamani yake hushuka, lakini taa yake haishuki bei. Kulitengeneza gari la miaka 12 kunaweza kugharimu sawa na kulitengeneza la miaka minne, na kwa baadhi ya aina spea huwa adimu zaidi. Kwa hesabu ya kampuni, gari kuukuu si lazima liwe nafuu kulikatia bima.

Kampuni nazo hujikatia bima

Kampuni za bima hazibebi hatari zote peke yake. Sehemu huzipeleka kwenye bima mtawanyo, yaani hujikatia bima kwa kampuni kubwa zaidi. Nairobi ni makao ya ZEP-RE na Kenya Re, na Dar es Salaam kuna TAN-RE. Hizo nazo hugawana hatari na masoko ya London na kwingineko.

Mikataba mingi ya bima mtawanyo huanza upya Januari 1. Mwanzoni mwa 2023 bei zake duniani zilipanda sana, hasa za majanga, miezi michache baada ya kimbunga Ian kuipiga Florida. Kisha mafuriko makubwa ya Aprili na Mei 2024 yakazamisha magari na maghala nchini Kenya na Tanzania. Mwenye lori wa Mbeya hana uhusiano na Florida, lakini kampuni yake ikitozwa zaidi, sehemu ya ongezeko hilo itatafutiwa nafasi kwa wateja.

Mkono wa serikali

Kodi hubadilika kwa nchi. Tanzania na Uganda hutoza VAT kwenye bima ya magari, na kiwango cha kawaida katika nchi zote mbili ni asilimia 18. Ada ya Sh100,000 za Tanzania humfikia mteja ikiwa Sh118,000. Hivyo kila kampuni inapoongeza ada, kodi nayo huongezeka bila sheria kubadilishwa.

Kenya haitozi VAT kwenye ada ya bima. Huko mteja hulipa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mchango wa asilimia 0.25 kwa mfuko wa kuwafidia wateja wa kampuni zinazofilisika, na ushuru wa stempu wa Sh40. Kwa ada ya Sh216,000, jumla ya nyongeza hizo ni Sh1,012. Muswada wa Fedha wa 2024 ulikusudia kuongeza kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ambayo ingekusanywa na kampuni za bima wakati wa kutoa hati. Kwa lori la Sh3.6 milioni hiyo ingekuwa Sh90,000. Pendekezo liliondolewa Juni mwaka huo, na baadaye muswada wote ukaachwa kufuatia maandamano.

Uganda, mbali na VAT, hutoza tozo ya mafunzo, ushuru wa stempu na gharama ya stika. Mfanyabiashara anayelinganisha bei za Busia upande huu na ule anapaswa kuuliza jumla baada ya kodi, si ada tupu.

Kadi ya Njano na mipaka yake

Kwa wanaovuka mpaka kuna kipengele kingine ambacho wa ndani hawana: Kadi ya Njano ya COMESA. Mpango huo ulitokana na makubaliano ya 1986 na kuanza kutumika 1987. Unamwezesha dereva kununua nyumbani kadi moja itakayotambuliwa katika nchi nyingine wanachama, badala ya kukata bima upya kila mpaka. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango wa Kadi ya Njano.

Kadi hiyo hufuata sheria ya nchi anakokwenda mgeni, na sheria hazifanani. Wakati Kenya imeweka kikomo cha Sh3 milioni kwa dai la mtu mmoja, sheria ya Uganda ya 1989 iliweka Sh1 milioni za Uganda kwa mtu. Kikomo cha Kenya kikibadilishwa fedha kinazidi Sh80 milioni za Uganda. Lori la Uganda likimgonga mtu Nakuru linadaiwa kwa kipimo cha Kenya, na ofisi ya taifa ya mpango huo nchini Kenya hushughulikia dai kisha kurudishiwa fedha kutoka upande wa Uganda. Dai hilo huingia katika rekodi ya mwenye lori kama lingetokea Kampala.

Linalowaponza wengi ni kuamini kwamba Kadi ya Njano ni bima kubwa ya kimataifa. Sivyo. Inalipa madhara kwa watu wengine na mali zao, pamoja na gharama za matibabu za dereva na abiria. Hailipi lori lenyewe, na hailipi mzigo. Mwenye bima kubwa ya Tanzania ambaye lori lake limepinduka Voi atalipwa tu kama mkataba wake umeongezewa eneo la Kenya kwa maandishi. Mzigo nao huhitaji bima ya mizigo safarini, ambayo ni mkataba tofauti.

Nyongeza hizo huongeza ada, na mara nyingi ndizo zinazokatwa kwanza mtu anapotafuta unafuu wakati wa kuhuisha. Anayefanya hivyo huwa ameacha bila kinga safari zile zile zinazomletea faida.

Unafuu unaogharimu

Kushusha thamani ni mtego mwingine. Turudi kwa lori la Sh3.6 milioni. Mwenyewe analiandikisha kwa Sh1.8 milioni, na kwa kiwango cha asilimia 6 anaokoa Sh108,000. Kisha linapata ajali ya kutengenezwa kwa Sh600,000.

Mikataba mingi ina kifungu cha uwiano: aliyekata bima ya nusu ya thamani hulipwa nusu ya hasara. Kampuni itahesabu Sh300,000, itoe Sh50,000 za sehemu ya mwenye bima, na kumkabidhi Sh250,000. Angekuwa amekata bima kamili angepata Sh550,000. Ameokoa Sh108,000 na kupoteza Sh300,000, na lori limekaa gereji akitafuta salio.

Kinyume chake pia ni hasara. Anayeendelea kuandika thamani ya miaka mitatu iliyopita hulipa ada ya juu bure, kwa sababu lori likiteketea kampuni hulipa thamani ya soko ya siku hiyo, si ile iliyoandikwa.

Kinachoweza kufanyika

Nafasi kubwa ya mwenye gari ni muda. Anayefika kwa wakala siku stika inapoisha hana cha kujadili, hasa kwa kuwa kampuni hazitoi kinga kabla ya malipo. Anayeanza mwezi mmoja kabla ana nafasi ya kufanya mambo yafuatayo:

1. Kuomba mchanganuo wa maandishi: thamani, kiwango cha mwaka jana na cha mwaka huu, punguzo, nyongeza na kodi, kila kimoja kwa mstari wake.

2. Kulithaminisha gari upya ili thamani iwe ya soko la leo.

3. Kuomba barua ya rekodi ya madai kutoka kampuni anayoihama. Bila barua hiyo, kampuni mpya haina sababu ya kumpa punguzo alilolijenga kwa miaka.

4. Kuuliza ada itakuwa kiasi gani akikubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya kila hasara. Kwa mwenye akiba ya matengenezo madogo, njia hii hupunguza ada bila kuacha lori wazi.

5. Kuweka magari yote chini ya mkataba mmoja, kama anayo zaidi ya moja, na kutaja madereva wenye uzoefu, kifaa cha kufuatilia gari na mahali linapolala.

6. Kununua Kadi ya Njano kwa nchi na muda wa safari zilizopo kweli.

7. Kulinganisha kampuni mbili au tatu, na kujihadhari na bei iliyo chini mno. Bei ya kuvutia wateja mwaka wa kwanza mara nyingi hurekebishwa wakati wa kuhuisha, na kampuni inayotoza chini ya gharama zake ndiyo huchelewa kulipa madai.

Asiyeridhika na majibu anaweza kulalamika kwa msimamizi wa nchi yake: TIRA kwa Tanzania, mamlaka za usimamizi wa bima kwa Kenya na Uganda, na Benki Kuu kwa Rwanda.

Soko moja, madaftari mengi

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na Jumuiya sasa ina wanachama wanane. Bidhaa na watu wamerahisishiwa njia, na vituo vya huduma kwa pamoja vya Namanga, Busia, Malaba na Rusumo vimepunguza muda wa foleni. Bima imebaki nyuma. Viwango vya fidia, kodi na rekodi za madai vimefungwa ndani ya kila nchi. Dereva aliyeendesha miaka kumi bila ajali akiwa na kampuni ya Mombasa, akihamishia biashara Tanga, huanza kama mgeni asipokuwa na barua mkononi.

Rekodi hizo zikitambuliwa pande zote za mpaka, dereva mwangalifu ataweza kuvuka na punguzo lake na mwenye madai mengi hataweza kuyakimbia kwa kubadili nchi. Ada haitashuka kwa kila mtu, ila itafuata zaidi uendeshaji wa mtu kuliko mahali alipokatia stika. Kwa sasa, barua ya rekodi ya madai hutolewa na kampuni yenyewe kwa mteja anayeiomba, na wakati mzuri wa kuiomba ni kabla mkataba wa zamani haujaisha.